Freita mpya, iliyogeuzwa au ya kukodi? Hesabu masaa kabla hujahesabu miaka

"Kaka, wawekezaji wapo, hela ya kuanzia ipo, sasa hii freita, ndege ya mizigo, tuchukue mpya, tuchukue iliyogeuzwa kutoka ya abiria, au tukodi tu?" Hili swali kanitupia jamaa yangu mmoja wiki iliyopita, tumekaa nje ya geti la mizigo pale uwanja wa Dar tunakula mihogo ya kukaanga, na yeye alitegemea nimtajie modeli yaishe, chukua Boeing 767, chukua 737, twende. Nikamuuliza kitu kimoja tu, itaruka masaa mangapi kwa siku? Akanyamaza, akaniangalia kama nimemuuliza umri wa mama mkwe wake.

Mi sio mhasibu wa shirika la ndege, na sijawahi kusaini hundi ya kununua hata tairi la ndege. Mi ni mtu wa kago, kazi yangu paleti na karatasi na kubishana na wenye mzigo, ila ukikaa sana kwenye hii kazi unaona ndege zinakuja kwa mbwembwe, zinapotea kimyakimya, na taratibu unaanza kujua kwanini. Kwaiyo nalinganisha hapa njia zote nilizomwambia jamaa, pamoja na hesabu tulizopiga nyuma ya karatasi ya mzigo.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Ukisikia shirika limetumia mabilioni kwenye ndege usishangilie haraka, uliza ni hela ya kuongeza ndege au ni hela ya kutoa za zamani na kuweka nyingine palepale. Ni vitu viwili tofauti kabisa. Mwangalie FedEx, wale Wamarekani wa vifurushi. 2006 walitangaza mpango wa dola bilioni 2.6 kununua Boeing 757 zilizotumika, kama 90 hivi, wazigeuze za mizigo zishike nafasi ya 727 zilizokuwa zimezeeka. Piga hesabu, ni kama dola milioni 29 kwa kila moja mpaka imeingia kazini. Kampuni tajiri vile, na ilikuwa na uwezo wa kwenda kiwandani, ila ikaenda kununua mitumba. Halafu Desemba 2011 kampuni hiyohiyo ikaagiza 767 mpya 27 za kutoka kiwandani, na 2015 ikaongeza 50, hizi zikachukue nafasi ya MD-10 na ndugu zake wazee. Sasa mbona kule mitumba na huku mpya?

Jibu lipo kwenye kazi yenyewe. Ndege ndogo ya vifurushi vya haraka inatoka mji wake jioni, inafika Memphis, kituo kikuu cha FedEx, kwenye saa sita usiku, inasubiri mizigo ichambuliwe, inarudi alfajiri, halafu inalala kutwa nzima juani. Masaa manne, matano, siku imeisha. Ndege ya hivo ukiinunua mpya ni sawa na kununua Yutong ya mwaka huu kwa ajili ya kupeleka watoto shule asubuhi na kuwarudisha mchana. Kwenye MD-10 kulikuwa na kitu cha kuokoa, injini tatu zinaondoka zinakuja mbili, na FedEx wenyewe walisema 767 inakunywa mafuta pungufu kwa kama asilimia 30 na gharama za uendeshaji zinashuka si chini ya asilimia 20. Hapo mpya inajilipa. MD-10 ya mwisho wakaitoa mwisho wa 2022.

Na baada ya hapo hela ya manunuzi ikashuka. Mwaka wao wa fedha unaisha Mei, ule wa 2024 walitumia kwenye mtaji dola bilioni 5.2 kwa kila kitu, ndege, magari, majengo, na wa 2025 ikawa bilioni 4.1. Katikati hapo wakastaafisha 757 ishirini na mbili kwa mpigo, zilezile za mtumba, na mkataba wao mkubwa wa posta ya Marekani ukaisha Septemba 2024 ukaenda kwa wapinzani wao UPS. Ndo biashara ilivyo, ndege unainunua kwa miaka 20 ila mzigo una mkataba wa miaka mitano au saba.

Haya turudi kwa jamaa yangu na 767.

Mpya na iliyogeuzwa: 767 mbili ukiziweka pembeni pembeni

Ya mpya tunaijua wote, tuliiona. 767-300F ya Air Tanzania ilitua Dar tarehe 3 Juni 2023, uwezo tani 54, ikapokelewa na Rais Samia na maji yakamwagwa juu. Iliagizwa Novemba 2021 kule Dubai pamoja na 787 moja na 737 MAX mbili, na bei ya kwenye orodha kwa zote nne ilikuwa zaidi ya dola milioni 726 (bei ya orodha hakuna anayeilipa, ni kama bei ya kwanza ya muuza vitenge Kariakoo). Mnunuzi ni serikali kupitia wakala wake wa ndege, halafu shirika linakodishiwa. Hicho kipengele kikumbuke, maana wewe na wawekezaji wako hamna serikali nyuma yenu, mna benki.

Iliyogeuzwa ni hivi. Inachukuliwa 767 ya abiria iliyokwishafanya kazi miaka 15 mpaka 20, inaingizwa hanga (karakana ya ndege), viti vinang'olewa, vyoo vinang'olewa, ubavu wa kushoto mbele unakatwa mlango mkubwa wa kupitisha paleti, sakafu inaimarishwa na kuwekwa roli, madirisha yanazibwa, unawekwa ukuta nyuma ya marubani wa kuzuia mzigo usije ukawafuata mbele siku breki zikishikwa kwa nguvu. Miezi mitatu mpaka mitano, inatoka freita. Ukiwa karibu nayo usiku taa za aproni, pale ndege zinapoegeshwa, zikiipiga kwa pembeni utaziona alama za madirisha ya zamani zimejipanga mstari mzima chini ya rangi, kama makovu ya ndui. Ya kiwandani ubavu wake ni laini kuanzia pua mpaka mkia. Mimi ndo huwa natambua hivo, kabla hata sijasoma usajili.

Kazi hiyo inafanywa na Boeing wenyewe kupitia mahanga ya China na kwingineko, na IAI wa Israel, na hawa IAI 2021 walikubaliana na Ethiopian kufungua kituo cha kugeuza 767 palepale Addis. Kwaiyo sio mambo ya mbali tena. Hata Amazon Januari 2021 ilipoamua kwa mara ya kwanza kununua ndege badala ya kukodi haikwenda kiwandani, ilinunua 767 kumi na moja zilizotumika, saba za Delta na nne za WestJet, ikazigeuza.

Sasa sikiliza hapa maana ndo watu wengi wanapopigwa. Mtu anakwambia "nunua mpya inaokoa mafuta". Kwa 767 sio kweli, au niseme ni kweli kwa kiasi kidogo sana. 767 iliyotoka kiwandani 2023 na 767 ya abiria ya 2003 iliyogeuzwa ni mwili uleule na mara nyingi injini ni familia ileile, CF6 za General Electric, zote zinakunywa kama tani 5 za mafuta kwa saa. Mzigo ni tani 50 na ushee zote mbili. Yaani umenunua UMRI, hujanunua teknolojia.

Tukapiga hesabu, na hizi namba ni za mfano tu, benki yako itakupa zake:

767 mpya, tuseme marejesho dola 650,000 kwa mwezi.
767 iliyogeuzwa, tuseme 300,000.
Tofauti 350,000 kwa mwezi, dola milioni 4.2 kwa mwaka.

Hiyo milioni 4.2 unaipata wapi? Kwenye mafuta hamna. Unaipata kwenye matengenezo, maana mpya miaka ya mwanzo haiingii cheki kubwa, ile D-cheki ambayo ndege inavuliwa mpaka mifupa na inakula mamilioni, na unaipata kwenye kutolala chini. Kama inaruka masaa 12 kwa siku, kila siku ikilala chini umepoteza hela nyingi, kwaiyo uhakika una thamani na pengine 4.2 inarudi. Kama inaruka masaa manne, fundi ana masaa ishirini ya kuikarabati kwa raha zake, uhakika huo umeununua wa kazi gani?

Ila ya kugeuzwa nayo ina mtego wake, na mtego uko kwenye makaratasi. Ndani ya injini kuna vipande vyenye uhai wa kuhesabiwa, vinahesabiwa kwa idadi ya kuruka na kutua, sio kwa masaa, na kila kipande lazima kiwe na historia yake tangu kilipozaliwa, kilifungwa wapi, kikatolewa lini, kikaruka mara ngapi. Karatasi moja ikikosekana hicho kipande ni chuma chakavu hata kama kinang'aa. Usidhani natia chumvi, 2023 kuna kampuni ya London ya spea, AOG Technics, iligundulika imeuza vipande vyenye karatasi za kughushi, vingi vya injini za CFM56, ambazo ndo ziko kwenye 737 za aina nyingi, na mashirika makubwa yakaanza kufungua injini kutafuta. Kwaiyo jamaa akikutumia picha za ndege WhatsApp inang'aa, rangi mpya, we mwambie picha nimeziona nzuri sana, naomba vitabu. Na ajiri injinia wako mwenyewe akavisome, asiwe wa muuzaji.

Mpya ya kizazi kipya ni habari nyingine

Hapa ndo mpya inashinda. Chukua 747-400F na 777F. Ya kwanza injini nne, inabeba tani kama 113, ya pili injini mbili, inabeba kama tani 102. Tuseme tofauti ya mafuta ni tani 3 kwa saa, na tuseme tani moja ya mafuta ni dola 800. Hiyo ni dola 2,400 kila saa unayoruka. Na tuseme marejesho ya 777F yanazidi ya 747 kuukuu kwa dola 700,000 kila mwezi.

Ukiruka masaa 400 kwa mwezi unaokoa mafuta ya 960,000. Umelipa lile ongezeko na bado una 260,000 mkononi. Ukiruka masaa 100 unaokoa 240,000 tu, kwaiyo kila mwezi unakula hasara ya 460,000 kwa sababu ya kutaka kupendeza. Zinapokutana ni kwenye masaa kama 292 kwa mwezi, sawa na masaa tisa na nusu hivi na kitu kwa siku, kila siku, pamoja na Jumapili na Idi. Jamaa alipoona hiyo namba akaacha muhogo.

Na ndo maana Ethiopian na 777F zao wanaweza. Ile ndege haipumziki, inatoka Addis inaenda Ulaya, inarudi, inaenda China, na wana 777 za abiria, kwaiyo wana marubani na mafundi na stoo ya spea tayari. Mwingine akiona Ethiopian wamenunua na yeye akanunua moja, anakuwa kama yule aliyeona jirani kafungua duka la jumla na yeye akafungua bila kujua jirani ana wateja watatu wa mkoa mzima.

Halafu kuna foleni. Hata ukiwa na hela leo, duka lenyewe halieleweki. 747 ya mwisho kabisa ilikabidhiwa Atlas Air tarehe 31 Januari 2023, hazitengenezwi tena. 767F Boeing wamesema wanafunga uzalishaji 2027. Kuna masharti ya kimataifa ya hewa chafu yanayobana ndege zinazotengenezwa kuanzia 2028, na 777F ya sasa nayo imo kwenye huo mtego. Mrithi wake 777-8F ilizinduliwa Januari 2022 na Qatar Airways wakawa wa kwanza kuagiza, 34 za uhakika, ikaahidiwa 2027, ikasogezwa mbele. A350F ya Airbus, tani 111, nayo mwanzoni mwa 2025 ikasogezwa mpaka nusu ya pili ya 2027. Kwaiyo kwa saizi ya 767 ukitaka "mpya" unakuta rafu inaelekea kuwa tupu, kinachobaki ni kugeuza A330, inabeba kama tani 60, ndege nzuri ila usisahau na yenyewe ni mtumba.

Ya zamani, iendeshe mpaka ife

Hii haina maneno mengi. Bei rahisi kununua, mafuta inakunywa kama mlevi wa sikukuu, na kuna siku hairuki. Nimewahi kuwa na minofu ya samaki kwenye ndege ya namna hiyo, kampuni siitaji. Saa nane usiku paleti zimeshaingia, mlango umefungwa, mara mlango unafunguliwa tena, haidroliki inavuja. Spea iko nchi nyingine, inakuja na ndege ya abiria kesho mchana. Mzigo ukarudishwa chini, chumba cha baridi kimejaa maua na nyama ya watu wengine, tukaanza kutafuta barafu Vingunguti saa kumi alfajiri na Kirikuu ya kukodi. Mwenye mzigo hakunipigia simu kunigombeza, alinitumia tu picha ya mkataba wake na mteja wa kule, mstari wa faini kauwekea rangi ya njano. Hiyo gharama kwenye bei ya ndege haimo.

Na umri una upande mwingine ambao hautaniwi. Tarehe 4 Novemba 2025 MD-11 ya UPS iling'oka injini ya kushoto wakati inapaa Louisville, ikaanguka, wakafa marubani wote watatu na watu waliokuwa chini. Ilitengenezwa 1991, ilianza kama ya abiria. Mamlaka ya Marekani ikazisimamisha MD-11, na UPS wakaamua zao wasizirudishe kabisa. Ona sasa, walishapanga kuzitoa taratibu kwa miaka, zikatoka kwa siku moja, na mizigo ya msimu wa Krismasi ilikuwa ndo inaanza. Ukiendesha ndege za zamani mpango wa kuzibadilisha uwe umeshaandikwa, na hela yake iwe imeshatengwa.

Kukodi na watu wake

Hii wanaiita ACMI, yaani mwenye ndege anakupa ndege, marubani wake, matengenezo na bima, we unaleta mafuta, ada za kutua, za kupita anga na mzigo. Unalipa kwa saa, na kuna masaa ya chini ambayo ruka usiruke unalipa. Wengi wanaiona ghali wanaikimbia. Ni ghali kweli ukiangalia saa moja moja, ila angalia unachokwepa, hamna D-cheki, hamna stoo ya spea, hamna marubani wa kusomesha, na biashara ikigoma unarudisha ndege mkataba ukiisha.

Mfano tena. Tuseme saa ni dola 5,000 na masaa ya chini ni 200 kwa mwezi. Milioni moja kila mwezi, jua liwake mvua inyeshe. Dar kwenda Dubai ni kama kilomita 4,000, masaa matano na nusu hivi, kwenda na kurudi 11. Masaa 200 ni safari 18 kwa mwezi, nne na kidogo kwa wiki. Una mzigo wa safari nne kwa wiki? Jamaa akasema mbili za uhakika. Sawa, mbili kwa wiki ni kama safari tisa, masaa 99, ila umelipa milioni ileile, kwaiyo saa yako imeshapanda mpaka zaidi ya dola 10,000 na hujagusa mafuta. Kwahiyo usisaini masaa 200, gombania 100 hata kama bei ya saa itapanda mpaka 6,500, maana 100 kwa 6,500 ni 650,000 na mzigo ni uleule. Watu wanabishania bei ya saa, kumbe wangebishania hayo masaa ya chini.

Na kuna faida ya kukodi ambayo sasa hivi Tanzania inatuhusu moja kwa moja. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa anga yao, na Juni 2025 wakaweka mashirika yote yenye cheti cha Tanzania. Ina maana hata ununue freita ya dhahabu, ukiisajili hapa na kuirusha kwa cheti cha hapa haitui Liège wala Amsterdam mpaka hilo liishe. Ila sheria yao hiyohiyo inaacha mlango, shirika lililofungiwa linaweza kutumia ndege iliyokodiwa na watu wake kutoka shirika ambalo halijafungiwa. Kwaiyo mwenye parachichi na samaki wa Ulaya asiniambie habari za kununua kwa sasa, akodi. Ghuba ni suala lingine, orodha hiyo ni ya Ulaya.

Vitu ambavyo muuzaji hatakwambia

Familia ya ndege. Kenya Airways (KQ) kwenye mizigo walikuwa na 737-300 zilizogeuzwa, wakaanza kuingiza 737-800 zilizogeuzwa. Watu wakasema mbona ndogo, inabeba tani 20 na ushee tu. Ila KQ wana 737-800 za abiria tangu zamani, rubani ni yuleyule, injinia yuleyule, spea stoo ileile, ndege moja ikikohoa dawa ipo kabatini. Air Tanzania 767 yao ipo peke yake, na nyumbani kuna Q400, A220, 737 MAX, 787, kila moja na marubani wake na mafundi wake. Mi naipenda ile 767, nimeipakia, sakafu yake tamu, ila freita moja isiyo na ndugu siku ikilala chini imelala na biashara yote. Kwenye hili nawapa KQ pointi bila kinyongo, na wanajua mi si mshabiki wao.

Umbali na mwinuko. Tani za kwenye brosha ni za mbali na maisha yako. 767F ikijaa inakwenda kama kilomita 6,000. Dubai fresh. Guangzhou, ambako ndo roho ya Kariakoo iko, ni kama kilomita 8,700, haifiki bila kutua njiani au kupunguza mzigo. Nairobi mpaka Amsterdam ni zaidi ya 6,600, hadithi ileile. Na Nairobi uwanja uko mita 1,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mchana joto, ndege nzito haipai na mzigo ule ambao ingepaa nao Dar. Kwaiyo waulize tani ngapi kutoka uwanja HUU, saa HII, mpaka kule.

Ujazo. Maua na vifurushi vya mtandaoni vinajaza ndege kabla uzito haujafika. Samaki na nyama kinyume chake, uzito unafika na nafasi ipo. Ukibeba maua, tani 54 hutaziona, unachonunua ni nafasi.

Tumbo la ndege za abiria. Karibu nusu ya mizigo ya anga duniani inasafiri huko chini ya miguu ya abiria. Wakati wa korona matumbo yalipopotea bei ikapanda mpaka watu wakavua viti, KQ wenyewe 2021 waliitoa 787 viti wakapakia mizigo humo, wa kwanza kufanya hivo kwa ndege hiyo. Kila mtu akakimbilia kugeuza 737-800 na A321. Abiria wakarudi, matumbo yakarudi, freita ndogo zikakosa kazi na zikaanza kuegeshwa. Kabla hujanunua hesabu kwanza ndege za abiria zinazotua Dar kutoka Doha, Dubai, Addis, Istanbul kila siku, kila moja ina tumbo, na ile kilo yao inauzwa kama nyongeza tu, mafuta abiria ameshalipa. Hao ndo wapinzani wako, sio freita mwenzio.

Na mzigo wa kurudi, jamani. Kuja Dar ndege inajaa, simu, spea, nguo. Kuondoka je? Nairobi ni kinyume, maua yanaondoka kwa tani, kurudi ndo kunasuasua. Ukiwa na upande mmoja tu, kila kilo inalipia safari mbili.

Sasa jamaa nilimwambia achukue nini? Kwa masaa 99 kwa mwezi, Dar na Dubai, asinunue chochote. Akodi na watu wake, masaa ya chini 100, mkataba wa miezi sita, na awe na kipengele cha ndege mbadala ndani ya masaa 48 ikilala chini. Akifika masaa 200 na upande wa kuondoka una nyama na samaki wa uhakika, atafute iliyogeuzwa, na hapo aanze na 737-800 maana mafundi na marubani wa 737 wanapatikana kirahisi ukanda huu, hata kama lazima zile tani zigawanywe kwenye safari nyingi, 767 ya kugeuzwa ifuate. Mpya kutoka kiwandani aje aniulize siku akivuka masaa 300 kwa ndege moja kwa mwaka mzima mfululizo, sio kwa Desemba.

Hakufurahi. Alikuwa ameshachora rangi za mkia, akanionyesha kwenye simu, bluu na dhahabu, kaipendeza kweli. Nikamuuliza wawekezaji wameshaona hesabu ya mzigo wa kuondoka? Akasema bado, wameona mkia. Tukaagiza mihogo mingine, nikageuza ile karatasi ya mzigo upande wa pili, tukaanza kuorodhesha machinjio yenye kibali cha kupeleka nyama Ghuba, mojamoja, na kila moja inatoa tani ngapi kwa wiki.